Nyumba inayotumia nishati kidogo huanzia kwenye ramani

Anayeanza kujifunza ujenzi wa kijani hukutana kwanza na bidhaa: paneli za sola, taa za LED, viyoyozi vyenye nyota nyingi za ubora, rangi za paa zinazorudisha mwanga, madirisha ya vioo viwili na vitatu, na vyeti vyenye majina ya vifupisho. Kila bidhaa ina watetezi wake, na kila mtetezi ana takwimu zake. Mtu akiyapokea mambo haya bila mpangilio hujikuta anajua majina mengi, lakini hawezi kujibu swali dogo kama hili: kati ya kurefusha upenu na kununua kiyoyozi kipya, kipi kitangulie? Hoja ya makala haya ni kwamba nyumba inayotumia nishati kidogo hutokana na maamuzi yanayofuatana kwa utaratibu maalumu, na kwamba maamuzi mazito zaidi ni yale yanayofanyika mapema kabisa, wakati nyumba ingali mchoro na kubadili nia hakugharimu zaidi ya kufuta mstari.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, uendeshaji wa majengo, yaani kupasha joto, kupoza, kuwasha taa, kuchemsha maji, kupika na kutumia vifaa vya umeme, huchukua takriban asilimia 30 ya nishati inayowafikia watumiaji duniani. Hapo bado hatujahesabu nishati iliyotumika kutengeneza saruji, nondo, vioo na matofali. Tena jengo hudumu kwa miongo mingi, hivyo dirisha lililowekwa upande usiofaa litaendelea kumtoza mwenye nyumba, watoto wake na pengine wajukuu.

Fikra hizi ni za kale kuliko umeme. Katika mji wa Yazd nchini Iran, minara ya kunasa upepo imekuwa ikiteremsha hewa ndani ya nyumba kwa karne nyingi, na kuta nene za udongo zimetumika katika maeneo makavu ya mabara kadhaa. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1902, mhandisi Willis Carrier alipobuni mtambo wa kudhibiti joto na unyevu kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani. Mashine za aina hiyo ziliposambaa, wasanifu majengo waliweza kuchora sanduku la kioo lilelile kwa ajili ya jangwa, msitu wa mvua na nchi ya theluji, wakijua kwamba kosa lolote la mchoro litafidiwa na umeme. Kupanda ghafla kwa bei ya mafuta mwaka 1973 kuliwafanya watafiti wa nchi za baridi waulize upya kama fidia hiyo ilihitajika. Mwaka 1977, mjini Regina nchini Kanada, ilijengwa nyumba ya majaribio yenye kuta zilizofungashwa vizuri dhidi ya baridi, mianya iliyozibwa, na kifaa cha kurudisha joto kutoka katika hewa chafu inayotolewa nje. Mwaka 1991, familia nne zilihamia katika nyumba zilizounganishwa huko Darmstadt, Ujerumani, zilizotokana na kazi ya watafiti Wolfgang Feist na Bo Adamson. Kutokana na nyumba hizo kilizaliwa kiwango kijulikanacho kama Passivhaus, ambacho hakiruhusu nyumba itumie zaidi ya kilowati-saa 15 kwa mwaka kwa kila mita ya mraba kwa ajili ya kupasha joto, ilhali nyumba nyingi za zamani barani Ulaya hutumia 150 na zaidi.

Jinsi joto linavyopita

Msingi wa fani yote ni fizikia ya joto, nayo haimshindi mtu aliyemaliza shule ya sekondari. Joto hutoka palipo na joto zaidi kwenda palipo na joto kidogo, na lina njia tatu: hupenya katika vitu vilivyogusana, hubebwa na hewa au maji yanayotembea, na hurushwa kama mnururisho kutoka uso mmoja hadi mwingine, kama lile la jua linavyotufikia. Swali la kwanza la msanifu, kabla ya kufikiria bidhaa yoyote, ni hili: katika hali ya hewa ya kiwanja hiki, ni njia ipi inayoleta au kuondoa joto tusilolitaka, na inapitia wapi? Penye baridi kali, tatizo kubwa ni joto linalopotea kupitia kuta, paa, vioo na mianya. Penye jua kali mwaka mzima, tatizo kubwa ni mnururisho unaopiga paa na kuingia madirishani. Ushauri mwingi uliopo mtandaoni umeandikwa kwa kufikiria nchi za baridi, na msomaji wa ukanda wa tropiki akiufuata bila kuuchuja anaweza kutumia fedha nyingi kutibu ugonjwa ambao nyumba yake haina.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Wahandisi hupima upitishaji joto wa ukuta kwa kuhesabu wati zinazopita katika kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Kipimo hicho huitwa thamani ya U, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo ukuta unavyozuia joto vizuri zaidi. Ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 20 una U ya karibu 3.3. Ukivikwa sentimita 5 za kihami joto, yaani kitu kinachopunguza upitaji wa joto, tuseme pamba ya madini, U hushuka hadi karibu 0.65. Sentimita 5 nyingine huishusha hadi 0.36, na sentimita 5 za tatu hadi 0.25. Tabaka la kwanza limezuia takriban asilimia 80 ya joto lililokuwa likipita. La pili limeongeza chini ya asilimia 10, na la tatu asilimia 3 hivi, ingawa yote matatu yana unene uleule.

Hesabu hiyo ina matokeo mawili ambayo wauzaji wa vihami joto hawayasemi kwa sauti. La kwanza ni kwamba kuruka kutoka kwenye ukuta usio na kihami hadi tabaka jembamba ni muhimu kuliko kuruka kutoka kwenye tabaka nene hadi nene zaidi. La pili ni kwamba pengo dogo lililoachwa wazi huharibu kazi kubwa. Baraza ya ghorofani iliyomwagwa zege kwa mfululizo mmoja na sakafu ya ndani huwa njia ya mkato ya joto, kwa kuwa inatoboa tabaka lote la kihami. Fremu ya alumini isiyo na kitenganishi katikati hufanya vilevile, kwa sababu alumini hupitisha joto maelfu ya mara zaidi ya pamba ya madini. Ndiyo maana michoro mizuri huonyesha kona, vizingiti na maungio kwa ukubwa wa kusomeka, na michoro duni huonyesha ukuta ulionyooka tu.

Penye joto, hasa katika nyumba ambayo madirisha yake huachwa wazi mchana kutwa, kufunika kuta zote kwa kihami joto huleta faida ndogo, kwa kuwa hewa ya ndani na ya nje zinakaribiana. Paa ni habari nyingine kabisa. Bati la rangi nyeusi lililopigwa na jua la mchana linaweza kuzidi nyuzi joto 60 za Selsiasi, na kutoka hapo hurusha mnururisho moja kwa moja kwenye dari na kwa walio chini yake. Rangi nyeupe mpya inaweza kurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga wa jua, ingawa vumbi na ukungu huipunguzia uwezo kadiri miaka inavyopita. Karatasi ya foili chini ya bati nayo hufanya kazi nzuri, kwa sharti ambalo mafundi wengi hulisahau: lazima upande wake mmoja angalau utazamane na nafasi ya hewa. Foili iliyobanwa kati ya bati na mbao, ikigusa pande zote mbili, haizuii chochote cha maana, kwa kuwa joto halihitaji kurushwa tena, hupenya tu.

Jua, upenu na pande za nyumba

Hakuna uamuzi wenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama wa kuchagua nyumba itazame wapi. Jua ni mgeni anayejulikana saa ya kufika na mlango atakaoupitia, siku kwa siku, kwa miaka yote ijayo. Kwa hiyo hakuna udhuru wa kutomwandalia. Tukichukua mahali palipo nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, jua la adhuhuri hufikia kimo cha nyuzi 73 hivi juu ya upeo wa macho katikati ya majira ya joto, na nyuzi 27 hivi katikati ya majira ya baridi. Upenu unaochomoza sentimita 60 juu ya dirisha la upande wa kusini utaangusha kivuli cha takriban mita 2 wakati wa joto, kinachotosha kufunika dirisha zima, na kivuli cha sentimita 30 tu wakati wa baridi, ili mwanga uingie ndani na kupasha sakafu. Kipande hicho cha paa hakina swichi wala betri, na hakihitaji matengenezo zaidi ya yale ya paa lenyewe.

Karibu na ikweta hesabu ni nyingine. Adhuhuri jua huwa karibu utosini, na katika mwaka huegemea kaskazini kwa miezi kadhaa na kusini kwa miezi mingine, kwa hiyo pande zote mbili zinahitaji upenu, ingawa si lazima uwe mrefu. Penye shida ni mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la alasiri huingia likiwa chini, likipita kwa urahisi chini ya upenu wowote. Ndiyo sababu nyumba za ukanda huo hushauriwa kuwa ndefu kwa mhimili wa mashariki na magharibi, kuta zake fupi zikielekea machweo na macheo, zikiwa na madirisha machache au zikikingwa na miti, vyumba vya stoo au vizuizi vya wima. Kiwanja chembamba kinachoelekea upande mbaya humlazimisha msanifu apatane na hali. Hata hivyo, kujua mapema kwamba chumba cha kulala kitapigwa na jua la saa kumi jioni ni bora kuliko kuligundua jambo hilo baada ya kuhamia.

Pazia la ndani si mbadala wa kivuli cha nje. Mwanga wa jua ukishapita kwenye kioo na kupiga kitambaa, hugeuka kuwa joto, na joto hilo halipiti tena kirahisi kwenye kioo kurudi nje. Kizuizi kilicho nje ya kioo hulikamata jua kabla halijaingia. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, ningeanza na vivuli vya nje kabla ya kufikiria vioo vya gharama kubwa, isipokuwa nyumba iko kwenye baridi kali, ambako kioo kimoja chenye U inayokaribia 6 ni tundu kwenye ukuta, na vioo viwili vyenye utando mwembamba wa metali na gesi ya agoni katikati vinaweza kuishusha hadi karibu 1.2.

Kuta nzito nazo hueleweka vibaya. Zege, mawe na udongo havizuii joto sana. Huliweka na kulitoa baadaye. Sifa hiyo ni hazina mahali ambapo mchana ni moto na usiku ni baridi, kwa sababu ukuta hunyonya joto la mchana, kisha madirisha hufunguliwa usiku na kuupoza. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mike Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, linatumia kanuni hiyo: feni husukuma hewa baridi ya usiku katika nafasi wazi zilizomo ndani ya sakafu za zege, na zege hiyo hupoza hewa ya siku inayofuata. Katika mwambao wenye unyevunyevu, ambako usiku hautofautiani sana na mchana, ukuta mzito ulioshika joto la jua utalirudisha chumbani saa ambayo watu wanataka kulala. Hapo kuta nyepesi, kivuli na upepo unaopita kutoka dirisha moja hadi la upande wa pili hufaa zaidi. Feni ya dari husaidia pia, mradi ikumbukwe kwamba inampoza mtu kwa kusukuma hewa kwenye ngozi yake, wala haipozi chumba; ikiachwa izunguke katika chumba kisicho na mtu inatumia umeme bure.

Hewa na unyevu

Sehemu hii ndiyo inayowatenganisha waliosoma kwa makini na waliosoma juujuu. Nyumba inayopashwa au kupozwa kwa mashine inatakiwa izibwe mianya yake, kwa kuwa hewa inayovuja hutoka na joto au ubaridi uliogharimiwa. Kuziba huko hupimwa: feni kubwa hufungwa kwenye mlango, hewa husukumwa mpaka tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, kisha huhesabiwa ni mara ngapi hewa yote ya nyumba ingebadilika kwa saa. Passivhaus hudai isizidi mara 0.6. Kipimo hiki hufanyika vizuri kabla ya kupiga plasta ya mwisho na kufunga dari, wakati fundi bado anaweza kuuona mwanya na kuufikia.

Lakini watu wanaoishi ndani wanahitaji hewa safi, na wanazalisha mvuke. Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kufua, inaweza kuingiza hewani lita 10 hivi za maji kwa siku. Nyumba iliyozibwa bila mpango wa kubadilisha hewa itaupeleka mvuke huo kwenye sehemu yenye ubaridi zaidi, mara nyingi kona nyuma ya kabati au pembezoni mwa dirisha, na hapo kuvu itaota. Wengi wakiona kuvu hulaumu kihami joto, ilhali kilichokosekana ni njia ya hewa. Katika nchi za baridi jibu la kawaida ni mtambo wa kubadilisha hewa unaopitisha hewa inayotoka karibu na inayoingia bila kuzichanganya, ukirudisha asilimia 75 au zaidi ya joto. Karatasi ya kuzuia mvuke huwekwa upande wa ndani wa kihami, kwa kuwa mvuke hutoka ndani kwenda nje. Katika nyumba yenye viyoyozi kwenye mwambao wa joto mvuke husafiri kinyume, na karatasi hiyohiyo ikiwekwa ndani inaweza kunasa maji ndani ya ukuta. Mtu aliyenakili mchoro wa ukuta kutoka nchi nyingine bila kuuliza mvuke unatoka upande gani amejitafutia matatizo.

Mashine, kisha paneli

Baada ya umbo, kivuli, kihami na hewa kushughulikiwa, ndipo mashine huchaguliwa, na sasa zinaweza kuwa ndogo. Pampu ya joto, ambayo kimsingi ni kiyoyozi kinachoweza kufanya kazi pande zote mbili, huhamisha joto badala ya kulizalisha, hivyo kwa kila kilowati-saa moja ya umeme inaweza kuleta tatu au zaidi za joto. Mambo yanayobaki, kama taa za LED na mabomba ya maji ya moto yaliyofupishwa na kuvikwa kihami, ni rahisi na hayana mabishano.

Paneli za sola huja mwisho, ingawa ndizo zinazopigwa picha. Paneli nzuri za sasa hugeuza karibu asilimia 20 hadi 22 ya mwanga wa jua kuwa umeme, na paa lina ukomo wake. Nyumba iliyopunguza mahitaji yake kwa nusu huhitaji nusu ya paneli na betri. Anayeanza na paneli juu ya nyumba inayovuja hununua mtambo mkubwa ili kulisha kasoro ambazo angeweza kuzirekebisha. Ipo pia hatari iliyoonwa na mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons mwaka 1865, alipoeleza kwamba injini zilizotumia makaa vizuri zaidi ziliongeza matumizi ya makaa nchini Uingereza: umeme ukionekana wa bure, watu huongeza viyoyozi na kuviacha vikiwaka.

Nishati iliyomo katika vifaa vya ujenzi ni upande ambao kwa muda mrefu ulisahauliwa. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo katika tanuri lenye nyuzi joto takriban 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka haitokani na moto bali na mawe yenyewe yanapovunjika kikemia. Kwa hiyo hata tanuri lililowashwa kwa umeme safi lingeendelea kutoa hewa hiyo. Saruji inakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Alumini iliyoyeyushwa upya huhitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati ya alumini mpya. Kadiri nyumba inavyopunguza matumizi yake ya kila siku, ndivyo sehemu hii ya vifaa inavyokuwa kubwa katika hesabu ya maisha yake yote, na ndivyo kujenga nyumba ndogo kidogo, au kukarabati iliyopo badala ya kuibomoa, kunavyopata uzito ambao hakuna bidhaa inayoweza kuufikia.

Kuhusu vyeti, inatosha kujua vinapima nini. BREEAM ilianzishwa Uingereza mwaka 1990. LEED, ya Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, hutoa alama kwa mambo mengi, kuanzia eneo la kiwanja hadi ubora wa hewa ya ndani. EDGE, ya Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia, hudai akiba ya angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji, na katika nishati au hewa ya ukaa iliyomo ndani ya vifaa. Mfumo wa alama humruhusu mwenye jengo kufidia udhaifu wa jambo moja kwa nguvu ya jingine, kwa hiyo cheti pekee hakikuambii bili itakuwa kiasi gani. Passivhaus ni finyu zaidi na kali zaidi, kwa kuwa inahukumu hasa nishati na starehe ya wakaaji.

Anayetaka kujifunza kwa vitendo hahitaji kusubiri kiwanja. Vipimajoto viwili vya bei ndogo, kimoja kivulini nje na kimoja katikati ya chumba, vikisomwa asubuhi, adhuhuri na usiku kwa juma moja, vitaonyesha kama nyumba inashika joto, inalichelewesha au inaliruhusu lipite. Kijiti cha ubani kilichowashwa na kupitishwa polepole pembezoni mwa dirisha siku ya upepo kitafichua mianya. Kiganja kilichowekwa karibu na dari saa nane mchana kitatambua mnururisho wa paa. Matokeo hayo, yakiandikwa pamoja na usomaji wa mita ya umeme na mchoro mdogo wa vyumba unaoonyesha jua linaingilia wapi saa ngapi, ndiyo karatasi ya kwanza ya kumpelekea msanifu majengo, kabla hajachora chochote.